Kijani cha Miezi Minane

Barabara ya Gremda,
Sfax.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa Dada Ibtihel,

Hujambo, na mwanao Skander hajambo? Baridi ya Lyon imeshaanza kukuuma mgongo? Sisi tu wazima, ila mama yako magoti yanamsumbua tangu tuanze kuchuma zeituni, na ukimwambia apumzike anakununia siku nzima. Anakuletea chupa mbili za mafuta mapya kwa mkono wa jirani yetu Mounira, anayekuja huko Jumanne. Barua hii nimeitia mkobani mwake mwenyewe, kwa sababu barua pepe zetu zote hupitia seva ya ofisi, na ofisi ni ya baba yako, Ami wangu aliyenilea.

Kazi yangu kwa Ami unaijua. Tunatunza tovuti ya ile kliniki ya binafsi. Kila asubuhi programu ya ukaguzi hugonga kila mlango wa seva kuona kama umefungwa sawasawa. Penye usalama huandika kijani, penye kasoro huandika nyekundu. Mwisho wa mwezi Ami huchapisha ripoti, akampelekea mkurugenzi pamoja na boksi la vitafunio vitamu vya baklawa. Unamjua anavyopenda sifa.

Mwezi Machi kulikuwa na nyekundu moja tu, ya ukurasa wa zamani wa miadi usiotumika tena. Ami akanishikilia nimwondolee aibu hiyo. Badala ya kuufuta ukurasa, nikaandika mstari mmoja wa kuiambia programu iupuuze. Uvivu, dada, sina jina jingine la kuupa. Mstari ule ukapuuza na kila kitu kilichowekwa chini ya ukurasa huo, na mwezi Mei majibu ya maabara ya wagonjwa yakawekwa kwenye folda iliyokuwa chini yake, wazi.

Wiki mbili zilizopita niliamua kuipima programu yenyewe. Niliweka kasoro kadhaa kusudi, nione kama itapiga kelele. Ilizikamata zote isipokuwa ile niliyoiweka kwenye ukurasa wa miadi. Hapo ilinipa kijani. Folda nikaifunga saa ile ile, lakini seva huandika kila aingiaye, nami nikasoma: mwezi Septemba mtu tusiyemjua alichukua faili mia nane na kumi.

Nilimwendea Ami nikamweleza yote, na kosa langu sikulificha. Alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Binti yangu, mlango si umeshafungwa? Kuna mtu amekuja kulia hapa?"

Nikamjibu kwamba wagonjwa hawalii kwa sababu hawajui.

"Basi wasijue. Futa hayo maandishi ya seva, tia sahihi, tuendelee na kazi. Sikukulea uje unibomolee nyumba."

Sahihi anayoitaka ni ya tamko la mwaka, kwamba hakuna faili lililotoka. Mwisho ni tarehe thelathini. Maandishi sijafuta, na kila siku ananiuliza. Ofisi iko chini, chumba changu kiko juu, na ngazi ni moja. Nikishuka namkuta, nikipanda namsikia. Nami nina deni la malezi nisilojua nitalilipaje.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Majina ya wagonjwa kwenye faili zile nimeyasoma yote, na lako limo. Ile siku ya Julai tuliyowaambia wazee tunakwenda ufukweni, tukaenda kupima titi lako pale kliniki, uliniapisha nisimwambie mtu. Sijamwambia. Lakini majibu yako yako mikononi mwa mgeni, na baba yako ananiamuru niyafukie bila kujua ni ya nani.

Nikilitaja jina lako mbele yake, nadhani atabadilika papo hapo. Sitalitaja bila idhini yako. Mounira anarudi tarehe ishirini na tano; mpe neno moja tu, ndiyo au hapana. Ukisema hapana sitakulaumu. Sahihi sitatia vilevile, ila nitasimama peke yangu, na naogopa.

Nisalimie shemeji Fethi, na Skander umbusu kwa niaba yangu. Mama yako anakukumbuka kila sala. Mungu akupe afya, akustiri wewe na nyumba yako. Baba yako naye anakusalimu sana. Amenikuta naandika, akauliza habari gani ndefu hivi. Nimemwambia ni za mavuno, akasema nikuambie mwaka huu zeituni ni nyingi.

Akupendaye kama wa tumbo moja,
Emna