Ndege Yangu Iko Wapi

Jumanne, 2 Machi

Nimekamua, nimepeleka maziwa kwa majirani, nimefua. Kisha mjini, ofisi ya kampuni ya sabuni, tena. Nimekaa kwenye benchi lao mpaka kiuno kikakakamaa.

Leo ofisa mauzo amekuja na maneno mapya. Nichukue redio kaseti na katoni za sabuni, mambo yaishe. "Mama, wewe ndege ya kivita utaifanyia nini?" Nimemjibu kwamba hilo ni swali la mwenye ndege. Hakucheka.

Niliandike lilivyo, maana nikilisimulia watu wanadhani natania. Kampuni ilipoingia mjini mwaka jana ilitangaza bahati nasibu. Kusanya makaratasi ya sabuni, tuma, ushinde ndege. Ndege tatu za kivita, zimestaafu jeshini huko ng'ambo, hazina injini wala silaha. Kila duka lilikuwa na tangazo. Mwezi wa kumi na moja jina langu likasomwa. Wakaniita uwanjani, nikapigwa picha chini ya pua ya ndege, nimeshika ua la plastiki nililopewa na mkubwa wao. Wakasema taratibu zikiisha itafikishwa Moshono, mpaka mlangoni. Mpaka leo.

Kiwanda cha umma nilichokuwa nafanyia kazi kilipouzwa, tuliambiwa twende nyumbani, tutaitwa. Nikaenda. Nikakaa. Hakuna aliyeita. Safari hii siendi nyumbani.

Jumapili, 7 Machi

Kanisani. Baada ya ibada wanawake wa kwaya wameniita Mama Ndege, wakacheka huku wameshikana mabega. Mmoja ameuliza kama nitampa lifti mpaka Dar.

Baba Neema alitembea mbele yangu njia nzima. Ni mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, hapendi jina lake lichezewe. Tulipofika nyumbani akasema, "Chukua redio, Mama Neema. Tupumzike."

Nimepika loshoro, makande ya maziwa mgando, na kuila peke yangu jikoni. Nina hasira naye kuliko niliyo nayo kwa kampuni. Kampuni hainijui. Yeye ananijua.

Alhamisi, 11 Machi

Benchi. Ofisa amenipitia mara kadhaa kama anapita kiti. Mwishowe akasimama. "Wenzako wawili wameshachukua ndege zao, wametulia. Tatizo ni wewe."

Vizuri. Kama wamechukua, nitakwenda nikazione. Niwaulize walizipataje.

Jumamosi, 13 Machi

Tengeru. Siku ya soko, vumbi na ng'ombe kila mahali. Redioni walisema mshindi mmoja ni mzee wa huku, nikamwulizia. Kila mtu anamjua, kila mtu anacheka kwanza ndipo anaelekeza. Nikapanda mlima kwa miguu, juu kwenye vihamba vya kahawa na migomba.

Mzee Anaeli. Mmeru, mjane, mkulima wa kahawa. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia, halafu kabla sijajieleza akauliza, "Wewe ndiye wa Moshono? Yako inakaaje mvua ikinyesha?"

Nilisimama pale kama mti. Kumbe yeye ameambiwa mimi nimeshachukua.

Hana ndege. Ana uwanja. Ameng'oa kahawa ya baba yake, kona nzima ya kihamba, kuitengenezea nafasi. Udongo mtupu umefagiliwa. Alitaka wajukuu wake waione kila asubuhi, basi. Nilitaka kupiga kitu.

Picha yake imetundikwa ukutani. Amesimama chini ya ndege ameshika ua la plastiki. Ndege imeandikwa namba mbili. Ubavuni, chini ya kiti cha rubani, ina kiraka cha bati kama soli ya kiatu.

Nimemwomba picha aniazime. Amenifungia kwenye gazeti.

Jumapili, 14 Machi

Sikwenda kanisani. Nimeweka picha yangu na ya mzee mezani. Yangu namba moja, yake namba mbili. Kiraka kilekile. Mahali palepale, pembe ileile imeinuka.

Baba Neema aliporudi nikamwonyesha. Akavaa miwani. Akavua, akaipangusa, akavaa tena.

"Hii ni ndege moja," akasema.

Kisha akasema, "Hawa watu wametufanya wajinga." Wametufanya. Sote. Ndiyo mara ya kwanza hajasema wewe.

Jumanne, 16 Machi

Mshindi wa tatu nimempata kirahisi. Anaitwa Priva, Mchaga wa Machame, anauza mitumba soko la Kilombero hapa mjini. Sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Yeye alichukua redio. Aliambiwa sisi wengine tumekubali ndege zilizobaki, yake imeharibika njiani.

Picha yake anayo chini ya rundo la suruali. Namba tatu. Kiraka.

Alicheka mpaka wateja wakasogea. Halafu akaacha ghafla. "Dada, mimi niliwasifia hawa watu redioni. Jina langu, sauti yangu." Akafunga meza yake mchana kweupe.

Alhamisi, 18 Machi

Tumekwenda watatu. Mzee Anaeli amevaa koti la harusi. Leo tumepokelewa na meneja mwenyewe, kiti, chai, biskuti. Tumepanga picha mezani kwake.

Amesema ni ndege za aina moja ndiyo maana zinafanana. Nikamwonyesha kiraka. Amesema viraka pia hufanana. Priva akamuuliza kama na yeye anafanana na mtu mwenye akili. Meneja akasimama. Mwishowe akatoa neno: mbili ziko bandarini, ya tatu iko ghalani, na kwa usumbufu atatupa friji kila mmoja.

Mzee Anaeli aliuliza kwa upole friji itatumia nini kule kwake, maana umeme haujapanda mlimani. Meneja akamsogezea biskuti.

Sikunywa ile chai.

Tulipotoka Priva akasema lori lililovuta ndege kutoka uwanjani analijua. Dereva wake ndiye anayemletea marobota ya mitumba. Amekwenda kumtafuta.

Ijumaa, 19 Machi

Dereva amesema. Ndege iko Themi, yadi ya vyuma chakavu. Aliipeleka mwenyewe wiki iliyopita. Inayeyushwa kutengeneza sufuria.

Tumeikuta. Mabawa hayapo. Mkia haupo. Kiwiliwili kimelala juu ya matairi kama ng'ombe aliyechunwa nusu, na kando yake sufuria mpya zimepangwa, zinang'aa. Kiraka kipo. Nimekigusa. Nilidhani nitalia, sikulia.

Mwenye yadi si mtu mbaya. Amesema ameuziwa kihalali, na mchana huu mafundi wanamalizia. Nimemwelewa. Halafu nimekanyaga pipa, nikapanda, nikaingia kwenye kiti cha rubani na sketi yangu ya kanisani. Nikakaa.

"Mama, shuka."

"Kateni."

Hawakukata. Mzee Anaeli akaomba kigoda, akaketi chini ya pua, fimbo magotini. Priva akatoka mbio. Mvua ikaanza, ile ya kwanza ya masika, kubwa. Kioo cha juu kilishang'olewa. Maji yalijaa kwenye kiti mpaka mapajani. Niliogopa kidogo. Sikushuka.

Priva alirudi na nusu ya soko. Akina mama wenye mafurushi vichwani, wapiga debe, wasukuma mikokoteni. Nyuma yao, amelowa, chaki bado mikononi, Baba Neema. Sijui nani alimwambia. Alikuja akasimama ubavuni mwa ndege kama mlinzi wa benki.

Meneja akaletwa na gari, na askari polisi mmoja. Askari akauliza ndege ni ya nani. Meneja akasema ya mwenye yadi. Mwenye yadi akasema kama kuna kesi, si yake. Baba Neema akampa askari zile picha tatu nilizoziacha nyumbani, kavu, kutoka ndani ya koti. Askari akaziangalia, akaangalia kiraka, akamwuliza meneja, "Na huyu aliyempa mama ua, ni nani?"

Ni meneja. Kwenye picha zote.

Watu walipiga kelele nadhani zilisikika mpaka Njiro. Meneja akakubali. Ataikomboa kwa mwenye yadi, atailipia trekta, itapelekwa tunakosema sisi. Nilishuka hapo tu. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, Baba Neema akanibeba mbele ya watu wote.

Jumapili, 21 Machi

Homa. Tumekutana kitandani kwangu, Priva na mzee. Kiwiliwili kimoja, wenye nacho watatu. Nilimwambia Mzee Anaeli aichukue, ameng'oa kahawa kwa ajili yake. Amekataa. Trekta haliwezi kupanda kule masika, na pale atapanda migomba, ameshaanza kuchimba mashimo. Priva amesema yeye anataka tu ikae barabarani, kila mtu aione, na jina la ile sabuni lisionekane popote.

Basi, Moshono.

Jumamosi, 27 Machi

Imefika. Trekta, trela, watoto wa mtaa mzima nyuma. Kampuni ilileta mpiga picha na ua jingine la plastiki. Meneja akanyoosha mkono, akacheka kwa meno yote, akaniomba nisogee kidogo kulia.

"Picha nimeshapiga," nikamwambia.

Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Mzee Anaeli naye akageuka, akampa mgongo. Priva alibaki nje, akazungumza na mpiga picha kuhusu kiraka mpaka yule akaisahau kazi yake. Meneja ameondoka na ua lake.

Dukani leo hawana tena ile sabuni. Muuzaji anasema watu wameacha kuinunua. Nimefurahi. Sioni aibu kuandika kwamba nimefurahi.

Jumatatu ya Pasaka, 12 Aprili

Mvua imepumzika. Homa imeisha, masikio bado yanavuma.

Mzee Anaeli ameleta mkungu wa ndizi, Priva kaleta nyama. Tumekula nje, ndege iko kando yetu. Hatukuizungumzia sana. Tumezungumza mimba ya binti wa Priva, na mgongo wa mzee, na bei ya mbolea. Waliondoka alasiri.

Baba Neema amechota maji kwa ndoo akaiosha ndege, akatoa tope la Themi na masizi ya tanuru. Polepole, kila ribiti. Kisha akaleta ngazi, akaniuliza kama anaweza kuingia. Hajawahi kuniomba ruhusa ya kitu.

Nilimshikia ngazi. Ameingia na suti yake ya Pasaka, magoti yamegusa kidevu. Mawingu yalikuwa yameondoka Mlima Meru, mlima wote uko wazi mpaka kileleni. Alikaa ameutazama.

Watu wa kanisani wakapita barabarani, wametoka kutembeleana. Wakasimama. Mmoja akamwita kwa jina, kwa sauti.

Amewapungia mkono. Hakushuka.