Dakika Ishirini za Chai

Jumatatu, 9 Juni

Hotuba imekamilika! Kurasa tisa. Dakika ishirini barabara — ndizo anazopewa mbunge mwenye hoja kuhitimisha mjadala. Nimemsomea dada jikoni, miguu yake iliyovimba juu ya kigoda. Mimba yake ina mwezi wa tisa huu. Hoja yangu ni kuizuia serikali ya jimbo isikifunge chumba cha kujifungulia cha zahanati yetu; kikifungwa, atapelekwa mjini. Saa mbili za mashimo! Kanisikiliza hadi mwisho. Kisha: nzuri, mdogo wangu, ila watalala.

Jumatano, 11 Juni

Aibu. Nimemjibu Kiyoyozi moja kwa moja badala ya kupitia kwa Spika. Nimeketishwa kama mtoto wa shule. Kiyoyozi ndiye kiongozi wa upande wa serikali. Kila hoja huipulizia baridi. Akacheka: binti, kesho ukimaliza utuamshe.

Sisi wapinzani kumi na tisa. Wao ishirini na sita.

Alhamisi, 12 Juni

Tumeshinda! Tumeshinda!

Zamu yangu ya kuhitimisha ilipofika, wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja kwenda kantini. Nilimsikia Kiyoyozi: twendeni tukanywe chai, huyu ana dakika ishirini.

Nikatazama viti vitupu. Nikatazama kurasa zangu, nilivyozipenda. Nikazifunika.

"Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja."

Nikaketi. Mwenye hoja akiketi, ni kura papo hapo: kengele ikalia — dakika tatu tu, milango ikafungwa. Kiyoyozi alifika na kikombe mkononi, akabaki nyuma ya kioo. Kumi na tisa kwa kumi na moja!

Nje ya ukumbi akaniambia nimewachezea rafu. Nikamwambia: Mzee wangu, kanuni ni zenu, mimi nimezisoma tu.

Mkunga wa zahanati kapiga vigelegele kwenye simu hadi sikio likaniuma.

Lakini mbona zile kurasa zinanikereketa? Nimeshinda bila kumshawishi mtu.

Jumanne, 17 Juni

Naandika kitini, bungeni. Kiyoyozi kaleta hoja ya kubatilisha kura yetu. Msemaji wa kwanza wa kupinga ni mimi. Dakika ishirini.

Dada yuko zahanati tangu alfajiri. Mkunga anasema bado, bado.

Wanne wa upande wao wakigeuka, tumepona. Mwalimu mmoja wao kanisimamisha kwenye ngazi: wanangu wote walizaliwa pale, hebu nipe sababu.

Sababu? Ninazo kurasa tisa!

Spika anatafuta jina langu kwenye orodha. Natazama viti vyao. Vimejaa. Leo hakuna hata mmoja aliyekwenda kunywa chai.