Mwenye Zizi Ndiye Mwenye Ng'ombe

Shinyanga, Bomani
Jumapili, baada ya misa

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, Baba. Na Mama umpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amekaa karibu. Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa lori la pamba, imelowa mafuta pembeni lakini maneno yote yanasomeka. Nimefurahi kusikia kwamba mguu wa Mama unakanyaga tena, na kwamba mihogo ya ng'ambo ya mto haikuliwa na nguruwe mwaka huu. Je, kifua chako? Hukuandika lolote juu ya kifua, nami kwa kuwa najua unavyoficha, nimeingiwa na wasiwasi. Niandikie ukweli. Mimi mwilini sina ugonjwa. Chakula nakula, ila moyo hautulii, na sababu yake nitaieleza humu.

Uliuliza kazi yangu mpya ni kazi gani hasa, kwa kuwa watu huko wanakuuliza nawe hujui uwajibu nini. Nitajaribu. Alikuwako mzee mmoja, Mzee Rajabu, mtu wa Pangani, ambaye kwa miaka mingi alikaa chumba kinachofuata kile cha Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Macho yake yalipoingia ukungu akaachiwa kutunza faili tu, na kiti chake nikapewa mimi. Amri huja kutoka mkoani ikiwa na maneno makubwa: ardhi ihifadhiwe, mifugo ipunguzwe. Haisemi aitwe nani, siku gani, wala mkaidi afanywe nini. Hayo ndiyo ninayoyaandika mimi. Bwana Shauri husoma, hubadili neno moja mawili, hutia sahihi. Tangu hapo si maneno yangu tena, ni ya Serikali. Makarani wenzangu hunitania kwa kuniita Waziri. Mwanzoni nilifurahi, sitakuficha. Nilishona suruali mbili.

Basi kabla ya kiangazi ilikuja amri kwamba majani yamekwisha, udongo unachukuliwa na maji, kwa hiyo ng'ombe wapunguzwe kwa kupelekwa mnadani. Bwana Shauri aliniita akanipa siku mbili. Akaniambia tatizo ni moja tu: ukimwuliza mtu ana ng'ombe wangapi, kila mmoja atasema si wake. "Niambie, mwenye ng'ombe tumhesabu vipi?"

Baba, sisi Wasumbwa ni watu wa mtama na mihogo na asali. Ng'ombe niliwaona kwa Wasukuma waliohamia upande wa Runzewe, na kila mmoja alikuwa na zizi lake, basi nikadhani zizi na ng'ombe ni kama mzinga na asali yake. Mzee Rajabu alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwangu. Ningemwuliza angenieleza. Lakini niliogopa atasema moyoni kwamba kiti hakinienei. Nikakaa siku mbili peke yangu, nikaandika kurasa tatu kwa Kiingereza safi kabisa. Niliandika kwamba mwenye zizi ndiye ahesabiwe kuwa mwenye ng'ombe wote walalao humo, na kwamba katika kila kumi atoe mmoja. Niliandika pia kwamba aliyekwisha kutoa asinunue mwingine mpaka mwaka upite. Bwana Shauri alisoma akiwa amesimama, akanishika bega. Siku ile ile karatasi ikapelekwa mkoani, na baada ya majuma matatu ikarudi imekubaliwa.

Sasa nikueleze habari za Mzee Masanja. Nyumba yake iko mwendo wa saa moja kutoka hapa bomani, na tangu nilipofika ugenini yeye na mkewe wamenifanya mtoto wao. Mkewe namwita Mayu, kama watu wa huku wanavyomwita mama. Jumapili baada ya misa huenda kwao kunywa maziwa mgando. Mwana wao mkubwa, Shija, ni wa rika langu, na alikuwa amechumbia binti wa Uzogole. Ilibaki kupeleka ng'ombe tu.

Jumapili iliyofuata kurudi kwa ile karatasi nilikwenda, nikakuta wanakamua. Zizi lilikuwa na ng'ombe arobaini, nami nikamwambia Mzee kwa kumsifu kwamba yeye ni tajiri. Akaacha kukamua akacheka mpaka akashika pembe ya ng'ombe asianguke. Akaanza kunionyesha kwa fimbo. Huyu wa shemeji yangu wa Maswa. Wale kumi na wawili wa rafiki yangu wa Nzega, tulichanjiana damu ya urafiki. Yule na ndama wake ni wa mjomba. Nikamwuliza wake ni wepi. Akanionyesha wanne, mmoja mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, na mitamba watatu aliowazaa.

"Msumbwa wewe, unajua nyuki tu," akasema. "Mtu mwenye akili huweka ng'ombe wake wote mahali pamoja?"

Ndipo akanieleza, nami nilisikia kama mtu anayesomewa hukumu. Watu wa huku huwagawa ng'ombe kwa ndugu na marafiki, watano huku, kumi kule, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimmalize mtu. Anayewatunza hunywa maziwa na hupata samadi ya shamba, lakini haruhusiwi kuwauza wala kuwachinja. Mwenyewe akija hata baada ya miaka sita atawakuta, na kama mmoja alikufa, ataonyeshwa ngozi yake. Mtoto wa miaka saba anajua jambo hili. Mimi niliyesoma miaka kumi na miwili sikulijua.

Nilihesabu nikiwa njiani. Katika arobaini, wanne. Alikuwa na wanne.

Jumatatu nilimwambia Mzee Rajabu. Hakunikaripia. Aliondoa miwani akaifuta muda mrefu, akaniambia kwamba amri itasomwa barazani Jumatano, na kama nina la kusema nilipeleke leo, kwa sababu ikishasomwa Serikali haitajirudi mbele ya watu. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Bwana Shauri. Nilikuwa nimekwisha kuinua mkono nibishe hodi. Ndani nikamsikia akimwambia Bwana wa Mifugo kwamba kijana wake mpya amefumbua fumbo lililowashinda wengine miaka mingi. Wakacheka vizuri, kama watu waliopumzika. Baba, niliushusha mkono. Nikarudi kukaa, nikachonga penseli.

Jumatano ilisomwa. Alhamisi jioni Mzee Masanja akaja nyumbani kwangu, kofia mkononi. Nilimpa kiti, akakaa ukingoni. Alisema anaamini Bwana Shauri ni mtu mzuri, ila hakuelezwa mambo ya kutunziana ng'ombe, na kama angeandikiwa na mtu anayejua maneno, angeelewa. Akaniomba nimwandikie. Nikaandika, na sijapata kuandika barua nzuri kama ile. Nilieleza desturi yote, nikataja wenye ng'ombe kwa majina na mahali wanapokaa, nikaeleza kwamba wenyewe nao watahesabiwa katika mazizi yao kwa hiyo watatoa huko. Nikamsomea. Akatia dole gumba, akaniombea uzima.

Kesho yake barua ile ikaletwa ofisini, na ilipelekwa wapi kwanza, Baba? Juu ya meza yangu. Maombi yote hupita kwangu niyapime na kumshauri Bwana. Nikaenda nayo kwake. Safari hii nilibisha hodi. Nilimwambia kwamba nimeuliza na nimeambiwa ni desturi ya kweli, na labda ingefaa kila mtu ahesabiwe wale walio wake. Sauti yangu ilikuwa ndogo, mwenyewe niliisikia.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alifungua faili, akatafuta ukurasa wa tatu, akanisomea maneno yangu mwenyewe: kwamba wapo watakaodai ng'ombe walio zizini si wao bali ni wa ndugu walio mbali, na kwamba madai ya namna hiyo yasikubaliwe, hata yakiwa na majina, kwa sababu hayawezi kuthibitishwa. Nilikuwa nimesahau kwamba niliandika hivyo. Niliandika kwa uangalifu, ili pasiwe na mwanya.

"Ulinionya wewe kwamba watakuja na majina," akasema. "Nikimwachia huyu mmoja, kesho nitakuwa na elfu mlangoni. Mwandikie kwamba haiwezekani."

Nikamwandikia. Yaani, Baba, barua ile niliiandika na jibu lake niliandika mimi.

Mnada ulikuwa juma lililopita. Kazi yangu ilikuwa kushika orodha na kuita majina chini ya hema, Bwana wa Mifugo akiwa kando yangu. Nilitamani jina la Mzee Masanja niliruke, lakini mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji chao, alikuwa amesimama nyuma yangu akifuata kwa kidole. Nikaliita. Akaja na Shija, na mbele yao wale wanne, yule mwekundu akitangulia. Watu walio ukingoni walianza kunong'ona, maana walijua hao ndio wake pekee. Jirani yake mmoja akamwambia kwa sauti ya kusikika, kama utani, kwa nini asipeleke wale wa Nzega, mwenyewe yuko mbali atajua nini.

Mzee akamjibu bila kugeuka. "Akija nimwonyeshe nini? Orodha ya karani?"

Watu walicheka. Hakuwa akinisema mimi kwa ubaya, alipita karibu yangu akanisalimu kwa kichwa. Ng'ombe walipimwa, wakanunuliwa na mchuuzi wa Kahama, wakatiwa chapa ya rangi ubavuni. Fedha alipewa, lakini watu wa Uzogole hawataki fedha, wanataka ng'ombe, na amri inamkataza kununua mpaka mwaka upite. Ni ile sentensi yangu, niliyoiandika siku zile za suruali mbili. Wazazi wa binti wamesema hawawezi kungoja, wapo wengine wanaopiga hodi. Alhamisi Shija alipanda lori la kwenda Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako wanachukua vijana wa kushuka shimoni. Mayu alimfungia viazi vikavu.

Nikaona siwezi kunywa maziwa yao tena bila kusema. Jana nilikwenda. Nilimkuta Mzee anaziba ua wa zizi kwa matawi ya miiba, ng'ombe thelathini na sita wakimtazama.

Nikamwambia, "Baba, nina neno. Ile amri niliiandika mimi."

"Najua. Nyote mnaandika, ndiyo kazi yenu. Nishikie tawi hili."

Nikashika. "Sikuinakili. Niliitunga. Bwana Shauri aliniuliza mwenye ng'ombe ni nani, nami nikamwambia ni mwenye zizi. Na barua yako, jibu lake pia ni mimi."

Akasimama kunitazama. Nilikuwa tayari anipige, au anifukuze, au hata anilaani, na nafikiri ningerudi hapa nikalala. Uso wake ukalegea, akacheka polepole, kicheko cha kumhurumia mtu. "Mzungu akuulize wewe mambo ya ng'ombe? Wewe usiyejua hata kukamua?" Akamwita mkewe kwa Kisukuma aje asikie, karani anasema yeye ndiye Serikali. Mayu akatoka jikoni akijifuta mikono. Nilirudia kwake neno kwa neno. Yeye hakucheka. Alisema moyo wangu ni mwororo mno, kwamba kwa sababu nawapenda nimetaka kujitwika mzigo wa wakubwa, na kwamba Shija mwenyewe, alipokuwa akipanda lori, alisema wasinilaumu, mimi nilijitahidi kuwaandikia. Kisha akaniletea kata ya maziwa. Ya ng'ombe wa Nzega. Nikanywa, Baba, kwa kuwa wote wawili walikuwa wakinitazama mpaka nimalize.

Leo asubuhi Bwana Shauri alinikuta nje ya kanisa, akaniambia mnada umekwenda bila fujo na nakala za maandishi yangu zimekwisha kupelekwa Kahama. Kwa hiyo zitafika na huko kwenu, maana mko chini ya Kahama. Nilimjibu kwamba nashukuru.

Nisalimie Mama kwa namna ya pekee, na mguu wake. Msalimie Babu, mwambie asali aliyonipa bado haijaisha. Shangazi mfinyanzi naye umsalimie, chungu chake kilifika bila ufa. Dada Agata wa Runzewe akija kwa mavuno mwambie nimepokea habari za mtoto, na jina ni zuri. Kaka Melkiori, seremala wa misheni, mwambie ile meza aliyoniahidi asiihangaikie, ninayo meza. Na yule mzee jirani, Msukuma mwenye zizi kando ya kisima, msalimie sana, ila usimwambie nimemtaja.

Siombi unishauri, kwa maana barua yako itachukua majuma mawili na Kahama haitangoja. Nimekuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyenishika mkono nikachora herufi ya kwanza, na ukiambiwa kwamba mwanao ameandika jambo, utaamini.

Ni mimi mwanao,
Andrea