Rangi ya Gidamur

Kambi ya Bwana Majani, chini ya Mlima Hanang
4 Februari 1951

Dada Perpetua,

Shikamoo. Habari za hapo Gitting, za baba na za ng'ombe? Mimi mzima, isipokuwa miguu. Tunatembea mstari ulionyooka kufuata dira, na dira haijui kukwepa miiba.

Uliuliza kazi yenyewe ni nini. Bwana Majani anachora ramani, lakini si ya njia wala ya vijiji. Ni ya majani. Tunatandaza kamba ya pembe nne, yeye anapiga magoti ndani yake na kuangalia jani gani linakaa na jani gani, kama mzee anayechunguza ukoo wa mchumba. Jioni anapaka rangi. Penye migunga anapaka kahawia, penye nyasi nzuri kijani. Palipoliwa na ng'ombe mpaka miiba ikaota anapaka nyekundu, na hapo uso wake unakuwa wa msibani. Anasema palipo pekundu serikali itapafunga, ng'ombe wasiingie miaka kadhaa.

Masika yakiisha tutafika mbuga ya Gidamur. Mwambie baba. Ikipakwa nyekundu, kiangazi ng'ombe wetu watakula wapi? Afadhali mwaondoe sasa, nyasi ziote, mpaka sisi tupite.

Mdogo wako,
Patriki


Gitting
1 Machi 1951

Mdogo wangu Patriki,

Marahaba. Sisi hatujambo. Baba anakohoa, lakini sauti ya kugomba anayo. Barua yako ililetwa na Halfani mwenye duka Katesh, aliifunga pamoja na chumvi, na mbuzi alitaka kuisoma kabla yangu.

Baba alisema, "Tangu lini ng'ombe akafukuzwa ili nyasi ifugwe?" Aligomba siku nzima, kisha akawaita majirani na wakakubali. Gidamur sasa ni tupu. Ng'ombe tumewabana huku mlimani, kando ya mashamba. Jirani Hermani amekwisha kuja mara mbili kuuliza kama maharage yake yamekuwa mali ya ukoo wetu.

Mimi na Justina, mke wa kaka, hatukutaka kuacha kazi nusu. Tulibomoa maboma, tukachoma miiba ya ua, tukazoa mavi, tukafukia majivu. Huyo Bwana wako akipita hataona alama ya kwato. Wewe kula vizuri, na usimjibu kila anachouliza.

Dada yako,
Perpetua


Gidamur
10 Juni 1951

Dada,

Shikamoo. Natumaini baba amepoa kifua. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Tumefika Gidamur. Nyasi zinanifika kifuani. Bwana Majani alivua kofia kama aliyeingia kanisani, akasema tangu aje nchi hii hajaona mbuga kama hii. Akapaka kijani. Nilisimama pale nikijiona mtu wa maana.

Halafu akauliza, "Patriki, nani anakaa hapa?" Nikatazama. Hakuna jivu, hakuna ua, hakuna hata vumbi la mavi. Wewe na Justina mlifanya kazi nzuri mno. Kabla sijapata neno, akajijibu mwenyewe, "Hakuna mtu," akaandika.

Sasa anapendekeza Gidamur yote iwe hifadhi ya wanyama wa porini. Nyekundu ingefungwa miaka kadhaa, kijani hii inafungwa moja kwa moja. Nilimwambia kwamba kiangazi huwa wanakuja watu. Akasema nyasi zingemwonyesha. Sikuendelea. Nikimweleza kwa nini hakuna mavi, ataniuliza ni nani aliyewaambia myazoe, na kazi yangu itaishia hapo.

Ramani itapelekwa Arusha mwezi wa Agosti. Sijui la kufanya.

Mdogo wako,
Patriki


Kambini kwenu
2 Agosti 1951

Mdogo wangu,

Hujambo? Mpishi ameniambia umetumwa Mbulu na mizigo ya majani makavu, ndiyo maana nakuachia barua hii. Kwetu wote wazima.

Kikao cha wanawake kilikaa. Unajua kikao hicho kikiamua, hata baba anatafuta kiti mbali. Kikaamua twende wenyewe, na ng'ombe watangulie. Basi wametangulia, na nyasi za Bwana wako hazifiki tena kifuani mwa mtu.

Alitoka hemani mbio. "Mama, hawa ng'ombe wa nani?"

"Wa hapa."

"Hapa hapana watu."

"Tulipisha."

"Mlimpisha nani?"

"Wewe."

Akakaa juu ya sanduku. Akasema kila mtu anaweza kuleta ng'ombe leo na kusema ni wa tangu zamani. Justina akampeleka lilipokuwa boma letu, akamwambia achimbe. Alichimba kwa kisu chake, amepiga magoti kama ulivyoniandikia. Akakuta jivu. Chini ya jivu mavi ya zamani yaliyogeuka udongo, na chini yake jivu tena. Alichimba mpaka mkono ukazama, na jivu halikuisha.

Ndipo akauliza kwa nini tulijificha. Nikamwambia tuliogopa nyekundu. Akauliza habari za nyekundu tulizipata wapi. Patriki, ningeweza kusema tuliota. Nikasema, "Kwa mdogo wangu." Nilijua natoa kazi yako. Niliitoa.

Ukikasirika, njoo ukasirikie nyumbani.

Dada yako,
Perpetua


Kambini
19 Agosti 1951

Dada,

Shikamoo. Habari za huko? Nimerudi toka Mbulu salama, barua yako nimeikuta kwa mpishi, naye ameshawasimulia wapagazi wote.

Bwana Majani aliniita. "Ni kweli?" Nikasema ni kweli. Akasema kazi yangu inakwisha Ijumaa. Si kwa sababu ya ng'ombe. Ni kwa sababu aliuliza nani anakaa Gidamur, nami niliyezaliwa hapo sikumwambia ni sisi. Sikuona pa kubishia.

Kisha akaitandaza ramani. Kijani ilikwisha kukauka, haibanduki, kwa hiyo akapaka mistari myekundu juu yake, mmoja baada ya mwingine, Gidamur nzima. Anasema maana yake ni ng'ombe waingie kiangazi, watoke masika. Wakubwa wa Arusha wanaweza kukataa, hilo hakunificha. Lakini karatasi imeondoka jana ikiwa na mistari.

Wakati anapaka, upepo ulikuwa mkali. Akaniambia nishike pembe ya karatasi. Nikashika, maana Ijumaa ilikuwa bado.

Jumamosi nitakuwa nyumbani. Hasira ninayo kidogo, nitaimalizia njiani. Baba akiuliza kwa nini nimeacha kazi, mwambie ni shauri la kikao cha wanawake. Hataongeza swali.

Mdogo wako,
Patriki