Tepu Yako kwenye Taa ya Pili

Mzee Wafula,

Tangu turudi kutoka kukuzika kwenu, karakana ya hospitali imekuwa kubwa mno. Kiti chako hakuna aliyekikalia. Kufungua kifuniko cha taa za kutibu watoto wachanga wenye manjano ilikuwa kazi ya watu wawili: wewe kwenye skrubu, mimi nimeshikilia. Siku hizi nashikilia kwa bega, na hakuna wa kunicheka.

Nina kosa la kukuambia.

Unakumbuka, kila tulipobadilisha balbu za buluu ulikata kipande cha tepu nyeupe, ukaandika tarehe, ukakibandika ubavuni mwa taa. Cha zamani ulikibandua na kukitupa. Taa ya pili ilibaki na mwandiko wako wa mwisho, na ile saba yako yenye mkia. Muda wa balbu zake ulipoisha, niliona. Mpya zilikuwa kabatini, nilizifuata mwenyewe mjini. Lakini ningelazimika kuibandua tepu yako, na sikuweza, Mzee. Nikajiambia, si bado zinawaka?

Wiki jana Sista Njeri akaniita wodini. Msichana wa siku nne alikuwa amelala chini ya taa hiyo siku mbili nzima, na vipimo vya damu vilionyesha manjano yanapanda tu. Daktari alishaanza kuzungumzia kumbadilisha damu. Mama yake, anayefanya kazi ya nyumba huko Kileleshwa, alikuwa kando ameshika kofia ya mtoto. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia: "Taa inaweza waka na isitibu. Wachana na macho, pima." Nikaweka mita ya mwanga. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana, ingawa ubuluu wake ulikuwa uleule.

Sista akambeba mtoto, nami nikabandua tepu na kubadilisha balbu palepale. Kesho yake manjano yakaanza kushuka. Juzi wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Mama yule alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea baraka, nami nikazipokea kana kwamba nazistahili. Nilirudi karakana nikalia. Ungekuwepo ungenigombeza, halafu ungenipakulia nusu ya githeri yako.

Tepu yako iko ndani ya daftari langu. Gundi imeisha, haishiki tena. Kwenye taa sasa kuna mwandiko wangu, mbaya hivyo hivyo, na siku yake ikifika nitaubandua.

Ijumaa mama yule anamleta mtoto kliniki. Nitamngoja mlangoni nimwambie ukweli. Ningependa sana uwe umesimama kando yangu.

Pumzika, Mzee.

Wanjiku