Pawasoo ya Mama Mkwe

Jumapili jioni, Kitale. Agosti 2006.

Mvua imeanza mchana na bado haijachoka. Mabega yananiuma na viganja vimetoka malengelenge. Mimi ni mpiga picha za pasipoti. Kitu kizito ninachobeba kwa kawaida ni kamera. Lakini jana nilikata gogo mbele ya wazee wa Matulo, na nataka kuandika ilivyokuwa kabla sijaanza kuisimulia kwa kutia chumvi.

Ninamwoa Nekesa, mwalimu wa chekechea pale Bungoma mjini. Kwetu ni Moi's Bridge, ambako babu alifika kutoka upande wa Murang'a akaanza kulima mahindi. Kwao ni Matulo, karibu na Webuye. Mazungumzo ya mahari yalikuwa yanaelekea kwisha salama mama yake, ambaye ni mjane, alipotuma neno kutoka jikoni: kati ya ng'ombe waliotajwa, mmoja hamtaki. Badala yake aletewe pawasoo, yaani msumeno wa injini.

Ameachiwa shamba la mikaratusi na marehemu mumewe, na anauzia hoteli za Webuye kuni. Kila akitaka kuangusha mti lazima amngoje mwenye pawasoo, ambaye huja siku anayojisikia, kisha anaondoka na sehemu nzuri ya kuni kama malipo.

"Ng'ombe hakati kuni." Ndivyo alivyosema. Wazee walicheka, kisha wakaambiwa kwamba yeye hacheki.

Aliyenuna ni mzee Wafula, ndugu wa marehemu. Yeye amekuwa akisema kwa muda sasa kwamba shamba la miti si kazi ya mwanamke, na kwamba yuko tayari kulichukua alitunze.

Basi Ijumaa nikafunga studio mapema, nikaenda na Ankol Kariuki, mdogo wa marehemu baba yangu na msemaji wetu kwa wakwe, hadi duka la Salim karibu na msikiti. Salim amezaliwa hapa hapa Kitale na anauza mashine tangu mimi nikiwa mtoto. Alituwekea tatu juu ya meza. Moja kubwa, ubapa wake, ule unaozungukwa na mnyororo, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Moja ndogo. Na moja ya bei ya chini, inayong'aa kuliko zote.

Ankol aliishika ile kubwa na hakuiachilia.

"Nani ataitumia?" Salim akauliza.

"Mama mkwe wangu."

Sikupenda alivyonitazama, lakini hakucheka. Akauliza, "Mrefu? Mfupi? Ana nguvu?"

Sikujua. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawakaribiani, na si desturi wazungumze ana kwa ana. Nimemwona kwa mbali tu, leso kichwani, akikata kona nyuma ya nyumba ili tusikutane. Nilikuwa nachagua chombo cha hatari kwa mtu ambaye hata kimo chake sikijui.

Salim akatutoa nyuma ya duka. Akaiwasha ile ya bei ya chini, akasukuma kinga ya mbele, ile ambayo ndiyo breki. Mnyororo uliendelea kuzunguka kidogo kabla ya kusimama. Kwenye zile nyingine mbili ulisimama papo hapo. "Ncha ikigusa mti vibaya, mashine inarushwa usoni," akasema. "Hapo hutaki breki ya kufikiria kwanza."

Ile inayong'aa ikarudi kwenye sanduku.

Zikabaki mbili. Ankol akasema tubebe kubwa, tusije tukaonekana tumepeleka kitu cha kuchezea. Salim akasema mkono wa kulia unabonyeza mafuta tu. Uzito wote unabebwa na wa kushoto. "Muulize binti yake kama mikono ya mama iko sawa."

Nikatoka nje, nikampigia Nekesa. Nikamuuliza kuhusu mikono ya mama yake.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Hakuna mtu. Ni swali la mwenye duka."

Ndipo akaniambia. Mwaka jana mama yake aliteleza kisimani, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Alifungwa plasta Bungoma, akakaa kwa Nekesa hadi ikatolewa, na huko Matulo watu wakaambiwa kwamba amekwenda kumtunza binti. "Usimwambie mtu, tafadhali. Mzee Wafula akisikia, atasema shamba limemshinda."

Nikarudi ndani nikasema tunachukua ndogo. Ankol aliniuliza kwa nini, nikasema ndiyo imenipendeza. Sijawahi kumpinga mbele ya watu. Alilipa, akaenda kuningojea kwenye pikapu.

Salim alinibakiza saa nzima akinifundisha: kuchanganya petroli na oili, kunoa meno kwa tupa, kuvuta kamba. Hapo ndipo malengelenge yalipoanza.

Jana Matulo kulikuwa na jua kali. Wazee walikuwa wamekaa chini ya turubai, wanawake upande wa jikoni. Nilipoifungua mashine, mzee Wafula aliinuka kuitazama, akaizunguka.

"Sasa hii ni pawasoo ama ni kitu ya kukata kucha?"

Watu wakacheka. Ankol alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa siri niliyoombwa nisiitoe.

"Bana, kama ng'ombe imewashinda, si mngesema tu?" mzee akaendelea.

Niliburuta gogo, nikaijaza mafuta, nikavuta kamba. Haikuwaka. Nikavuta tena na tena, jasho likinitoka, mpaka nikakumbuka kwamba sijaifungulia swichi. Kicheko cha safari hii kilitoka hata jikoni. Hatimaye ikanguruma, nikakata kipande kimoja, kikaanguka. Nikaizima.

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka upande wa jikoni, kavu na ya taratibu. "Nekesa. Mwambie huyo mtu aiweke chini, asogee."

Nikaiweka chini, nikarudi nyuma hadi kwenye ua. Mama mkwe akaja. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Hakunitazama. Aliinama akaiinua, mkono wa kushoto mbele, akaishikilia hivyo bila kutikisika kwa kitambo ambacho kwangu kilikuwa kirefu mno. Akaiweka chini tena, akaikanyaga alivyoniona nikifanya, akavuta kamba. Ikawaka upesi kuliko kwangu.

Mkato wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili aliuanzia katikati ya gogo, pale lilipoegemea mawe pande zote mbili, na mti ukaufunga ubapa. Injini ikalia. Badala ya kuachilia, akaanza kuivuta kwa nguvu.

"Zima! Mama, zima! Wachana nayo!"

Ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimeshapiga hatua kadhaa kumwelekea kabla ya Nekesa kunishika shati.

Akaizima.

Maneno yangu ya kwanza kwa mama mkwe, katika maisha yangu yote, yalikuwa amri niliyomfokea kama mtoto aliyeshika kisu. Nilijua mazungumzo yale yote, safari zile zote, zinaweza kuishia hapo.

Mzee Wafula alikuwa tayari amesimama. "Mmeona? Mmeona vile anaongea na mama ya watu?"

Mama Nekesa aliiacha mashine imebanwa pale pale kwenye gogo. Akakunja mkono wa gauni lake hadi kwenye kiwiko, akawaonyesha wazee kifundo chake. Hata kutoka mbali niliona hakikunyooka.

"Huu ulivunjika mwaka jana. Nani kati yenu alijua?"

Akamgeukia shemeji yake.

"Wafula, nyumba yako si ile pale? Ulijua?"

Mzee aligeuza macho upande wa nyumba yake.

"Basi mtu ameniletea kitu naweza kubeba, msimcheke." Akashusha nguo. "Na Nekesa, mwambie amenifokea. Atalipa kuku."

Sikumbuki nimewahi kufurahi hivyo kutozwa faini. Ankol alipiga makofi peke yake, kisha wengine wakamfuata. Mzee Wafula alikaa, akaomba chai. Baadaye nilimwona akisukuma gogo kwa kabari ili ubapa utoke, bila kutumwa na mtu. Sijui alikuwa anawaza nini. Pengine hata yeye hajui.

Njiani kurudi, tulipopita Kiminini, Ankol aliniuliza kama nilijua habari za mkono. Nikamwambia ndiyo. Akasema hata yeye angeitunza siri hiyo.

Leo baada ya kanisa mama yangu alinipigia kutoka Moi's Bridge kutaka habari. Nilimsimulia yote, nikidhani atacheka, hasa ile sehemu ya swichi. Alicheka kidogo. Nilipofika kwenye kifundo cha mkono akanikatiza.

"Hata mimi goti limekataa," akasema. "Tangu wakati wa palizi. Siwezi kuchuchumaa kwa moto, napika nikiwa nimekaa kwa debe."

Nimekuwa nyumbani mara nyingi tangu palizi. Nimekula chakula kutoka kwenye moto huo.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa na mambo mengi ya harusi, baba."

Kesho sifungui studio. Naenda Moi's Bridge.