Maji Yasiyopita Jikoni

Jumatatu, 7 Juni 1954

Alfajiri maji vuguvugu tu tena. Siku ya nne. Jana magharibi yalikuwa moto sawasawa, ya kumkanda mzazi. Kukicha yamekufa.

Kazini Uzunguni, kuziba bomba. Nikapanda tena juu ya ile nyumba yenye sanduku la kioo, nikajifanya natazama koki. Bomba jeusi limekunjwakunjwa ndani ya sanduku, kioo juu, pipa limekaa juu zaidi. Jua likipiga, maji ya moto yanapanda yenyewe pipani, ya baridi yanashuka. Hakuna kuni. Hakuna anayebeba debe. Pipa langu pale uani kwangu ni vile vile, nimelipandisha kwenye jukwaa la magogo. Ila lao linafika asubuhi na moto wake.

Mke wangu Mwanaidi kaoga baridi. Mkono wa kushoto umekaza. Kanga kaifunga kwa meno.

Jumatano, 9 Juni

Namahala kaja kutazama. Jirani yangu huyu, seremala, Mmakonde. Sanduku kanichongea yeye, hakutaka hata ahsante. Kioo nilipewa na Bwana Hasham wa Kariakoo, kwa sababu kona imepasuka. Watu wananitendea wema. Nikikumbuka nilivyokuwa, naona haya.

Namahala akaniuliza, "We Mzaramo, jua umeliuliza linapita wapi?" Sanduku nililielekeza mashariki, linakotoka. Akaniambia nitazame kivuli cha jukwaa saa sita. Kimeangukia kusini. Kumbe mwezi huu jua linapita kaskazini, upande wa kibla. Naswali kila siku kuelekea huko na sijaona! Lakini nimeanza kuswali Ramadhani hii tu.

Tukaligeuza. Namahala akacheka: "Haya, sanduku limetubu kabla yako."

Nami nikacheka. Ilinichoma.

Ijumaa, 11 Juni

Jana magharibi yaliunguza. Leo asubuhi uvuguvugu umezidi kidogo. Haitoshi.

Nimetoka msikitini. Niandike, maana sijamwambia mtu.

Mwaka juzi. Nilirudi asubuhi na tembo la mnazi kichwani. Nikataka maji ya kuoga, tena upesi. Nilikuwaga hivyo, kuamuru tu. Mwanaidi akaepua debe jikoni, akapita nalo mlangoni. Nikaona anachelewa. Nikamvuta kanga. Debe likamwagika, kuanzia bega mpaka kiganja. Akapiga kelele mara moja. Mie nikasema, "Maji ya moto hayachomi nyumba." Nikacheka. Nikaingia kulala.

Mke wa Namahala ndiye aliyempeleka hospitali. Mie nilijua saa tisa, nilipoamka nataka chakula.

Watu waliambiwa aliteleza. Alisema mwenyewe. Nikaliacha liwe hivyo.

Tembo niliacha. Chumbani nilitoka, nalala mkekani ukumbini. Daktari alisema mkono ukandwe kwa maji ya moto kila asubuhi, baridi ndiyo inaukaza. Mwanaidi hataki. Debe la moto likipita karibu, anatoka nje. Nikimchemshia mie, anamwaga uani. Hagombi. Anamwaga tu.

Nikafikiri, yakija kwa bomba, bila debe, bila jiko, pengine.

Angeweza kurudi kwao Kisarawe. Hakurudi. Kila siku nashukuru, na kila siku sielewi.

Jumapili, 13 Juni

Pipa linapoteza moto usiku, hilo ndilo tatizo. Lifunikwe. Nimelizungushia magunia manne. Yalikuwa yanapwaya, nikayamwagia maji yakamate vizuri. Kazini ndivyo tunavyolivalisha pipa letu la maji ya kunywa. Yamekaa kama shati. Nalala na furaha.

Jumatatu, 14 Juni

Baridi! Baridi kuliko siku zote. Kama ya kisimani.

Nilisimama pale nimeishiwa. Mwanaidi alikuwa anafagia uani. Akaligusa gunia, likachuruzika. Akauliza nani kalilowesha. Nikasema mie, kama tunavyofanya kazini.

Akatupa ufagio, akakaa kizingitini.

"Baba Zena! Huko kazini mnalilowesha ili maji yapoe. Umenijengea mtungi!"

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Mtungi wa bati! Na jukwaa lake!"

Mwaka juzi mpaka leo sijamsikia akicheka. Hata binti yetu Zena alipoolewa, alitabasamu tu. Kazini nimechelewa, msimamizi kanitukana. Sikusikia hata neno moja.

Jumatano, 16 Juni

Magunia nimeyavua, nimeyaanika. Kitu kinatakiwa kiwe kikavu, tena chepesi. Namahala kasema taka za randa. Ila alizobakiwa nazo hazitoshi, nyingi mkewe anawashia moto.

Narudi kutoka kazini jioni, nakuta Mwanaidi kakaa mkekani, kisu mkononi, sufi imejaa mpaka kwenye nyusi zake. Kapasua mto. Wangu, uliobaki kitandani upande wangu tangu nitoke. Nilidhani keshautupa zamani.

Nikamtazama. Akasema, "Sufi haishiki maji, na kuku akiatamia hapo mayai hayapoi. Unangoja nini? Leta gunia."

Tukashona pamoja. Yeye kashona kwa mkono wa kulia, wa kushoto kakandamizia goti. Gunia ndani, sufi katikati, gunia nje, bati juu isipate umande. Chafya tu, zangu na zake.

Alhamisi, 17 Juni

Mawingu kutwa. Maji hayakushika moto. Sijakata tamaa. Mungu halazimishwi.

Jumamosi, 19 Juni

Jana jua kali kutwa.

Alfajiri nilitoka kwanza, nikatia kidole chini ya koki. Nikakitoa upesi. Moto. Sikuthubutu kumwita. Nikaenda kusimama karibu na banda la kuku.

Akatoka mwenyewe. Akaingia bafuni. Nikasikia koki. Kisha maji yanatiririka. Nikahesabu pumzi zangu. Nikangoja ndoo imwagwe uani.

Haikumwagwa.

Alipotoka mkono ulikuwa unafuka mvuke kwenye baridi. Akaunyoosha. Haukunyooka wote. Vidole vilifunguka vitatu.

"Hayakupita jikoni haya?"

"Hayakupita."

Nikaona nisiposema sasa sitasema tena. Nikasema, "Mwanaidi, wewe hukuteleza. Nilikuvuta mie. Naomba radhi yako."

Akanitazama sana. "Najua nilivutwa. Nilikuwapo."

Kisha akaelekeza kidevu kwenye ua wa Namahala. "Wao ndio hawajaambiwa."

Jumapili, 20 Juni

Nimekwenda baada ya chai. Namahala alikuwa anapiga randa, mkewe anachambua mchele. Nikasimama, nikasema yote, hata lile neno la nyumba kuchomeka. Namahala akaiweka randa chini. Mkewe hakuinua kichwa. Akasema, "Sie tulijua siku ile ile. Tulikuwa tunakungoja wewe." Akasogeza kigoda. Nikakaa. Sikustahili kigoda kile.

Nimerudi. Mwanaidi alikuwa ameshaoga. Kafunga kanga kwa mikono miwili. Kwa taabu, lakini miwili.

Nikamwambia nimesema. Akaitikia, "Haya." Halafu akasema koki inavuja. Kweli inavuja. Nimeifunga kitambaa, kesho nitaitia ngozi mpya ya kuzuia maji.

Radhi hajatamka. Sitamwuliza.

Bafuni nimekuta ndoo imejaa, imefunikwa sinia. Maji bado ya moto. Nimeoga.

Naandika nikiwa mkekani. Mto wangu uko juu ya jukwaa, unalinda maji. Nimekunja kanzu, nimeilalia. Si mbaya. Alhamdulillahi.